Noeli Inayosubiri Mwezi

Noeli ya mwaka huu wa 2026 itawakuta wavuvi wa Rumonge, Burundi, nyumbani. Mwezi utapevuka alfajiri ya Desemba 24, na mbalamwezi ikishatanda juu ya Ziwa Tanganyika, taa za wavuvi hazina kazi. Ndagala, dagaa wa ziwa hili, hufuata mwanga penye giza. Usiku ukiwa mweupe hutawanyika, na wavu hupanda mtupu. Basi mitumbwi itavutwa mchangani, nyavu zitashonwa kivulini, na watoto wengi wa Kanyenkoko na wa mtaa wa Waswahili watakula sikukuu pamoja na baba zao.

Mwaka jana mambo yalikuwa mengine. Mwezi uliandama Desemba 20, 2025, wiki yote ya Noeli ikawa ya giza, na giza kwa mji huu ni kazi. Mwaka 2024 mwezi uliandama usiku wa kuamkia Desemba 31, Bonane, yaani Mwaka Mpya, ikaangukia usiku ambao mvuvi hakubali upite bure. Mwaka 2023 mwezi ulipevuka Desemba 27, watu wakapumzika. Ndivyo inavyokwenda miaka yote. Kalenda ya ukutani inasema sikukuu, mwezi nao una neno lake, na mzazi anayelisha watoto kwa kazi ya usiku husikiliza mwezi kwanza.

Nimeanza na mwezi kwa sababu kila Desemba inapokaribia nawasikia wazazi wenzangu wa Bujumbura wakilalamika, na sauti yangu imo. Muhula wa kwanza unafungwa, matokeo ya watoto yanatoka. Ofisini hesabu za mwaka lazima zikamilike. Nyumbani kuna mchango wa harusi, kuna jamaa wanaoshuka kutoka Gitega na Bururi, kuna viatu vya mtoto vilivyombana tangu Oktoba na ukaahidi kuvinunua sikukuu ikifika. Mafuta ya gari yamekuwa ya kupanga foleni kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hata safari ya kwenda kuwasalimia wazee inapigiwa hesabu. Mtu anafika Desemba 25 amechoka kiasi kwamba anaimba kanisani huku akiwaza kazi ya tarehe 26. Halafu anaambiwa ashukuru. Anashukuru kwa mdomo, moyo ukiwa bado kwenye foleni ya kituo cha mafuta.

Mzazi wa namna hiyo, na tuko wengi, ataipata wapi shukrani katika majuma mawili ya mbio? Jibu ninaloliamini nimelipata mwambaoni, kusini mwa Bujumbura, kwa watu ambao kazi yao haijui likizo. Wao hawasubiri kazi iishe ndipo washukuru. Wanashukuru mikono ikiwa kazini, kisha wanaichagua wenyewe siku ya kukaa pamoja.

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3, ziwa linakuwa mkono wako wa kulia njia nzima na milima mkono wa kushoto. Unapita Kabezi, Gitaza, Magara, Minago. Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo michikichi inavyozidi, hadi baada ya kama kilomita 70 hivi unaingia Rumonge, mji ambao mawese na samaki ndiyo riziki yake na ndiyo harufu yake. Rumonge iliwahi kuwa mkoa, kuanzia 2015. Kwa mpangilio mpya wa mikoa mitano ulioanza kazi mwaka 2025, sasa ni sehemu ya mkoa wa Burunga. Sokoni hapo Kirundi na Kiswahili vinapokezana katika sentensi moja, na muadhini na kengele ya kanisa husikika kutoka uani pamoja.

Mvuvi wa ndagala huondoka jua likikaribia kuzama nyuma ya milima ya Kongo. Mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, wavu umekunjwa katikati, taa zimefungwa vizuri. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa nyingi ni balbu za betri. Vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo wavuvi wa Burundi wamevipa jina la Apollo. Wakishafika mbali na ufuko, wavu unashushwa, taa zinawashwa, kisha ni kusubiri. Vijidudu vya majini hukusanyika penye mwanga, ndagala huwafuata vijidudu, mukeke, samaki mkubwa zaidi, humfuata ndagala. Baada ya saa kadhaa wavu unavutwa kwa nguvu za mabega. Unashushwa tena. Hivyo hivyo hadi alfajiri, juu ya ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470, ambalo kwa kina linazidiwa na Baikal la Siberia peke yake duniani.

Ukisimama ufukoni Rumonge usiku wa giza utaziona taa hizo zimepangana upeo wa macho, kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Wakazi wa mji huo ni akina baba. Mtoto akitoka nje usiku na kuziona, anajua baba yake yuko upande ule, ingawa hajui taa yake ni ipi. Desemba ni mwezi wa mvua, na mvua za ziwa hili huja na radi na upepo wa ghafla. Mama aliyelala nyumbani husikia ngurumo ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo shukrani ya Rumonge inapoanzia kila siku: mitumbwi ikirudi asubuhi, idadi ikiwa ileile iliyoondoka.

Wala ndagala wenyewe hawapatikani tena kwa urahisi wa zamani. Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na kwamba huenda samaki wamepungua kwa kiasi cha asilimia 30 kwa sababu hiyo. Mvuvi hahitaji jarida kulijua hilo. Anajua kwamba usiku mmoja wa baba yake ulijaza vyombo ambavyo yeye havijazi kwa usiku mmoja, na kwamba ili watoto wavae vizuri sikukuu, lazima alale majini zaidi. Mzazi wa ofisini anayebeba kazi nyumbani kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi atamwelewa vizuri mtu huyo.

Mitumbwi ikifika ufukoni, kazi inabadili mikono. Wanawake wamekwisha kufika pale wakiwa na mabeseni na pesa zilizofungwa kwenye pindo la kitenge. Wananunua haraka, kwa sababu jua likipanda ndagala mbichi hasubiri mtu. Wengine wanakwenda naye sokoni vivyo hivyo, wengine wanamwanika.

Kuanika kwenyewe kuna hadithi inayostahili kusimuliwa. Kwa miaka mingi ndagala walitandazwa chini mchangani. Walikauka kwa siku mbili tatu, wakiwa na mchanga ndani yao, kuku na kunguru wakila sehemu yao, na mvua ikinyesha hapakuwa na la kufanya. Mwaka 2004, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha eneo dogo la mfano huko Mvugo na Muguruka, vijiji vya wavuvi upande wa kusini wa mwambao. Jambo lenyewe halikuwa kubwa: vichanja vya waya wa wavu vilivyoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, upepo upite chini na juu. Samaki waliokuwa wakikauka kwa siku tatu wakaanza kukauka kwa saa zisizozidi nane hivi. Walikuwa safi, wakapata bei nzuri zaidi, na waliweza kusafirishwa hadi bara, mbali na ziwa. Teknolojia hiyo ilienea kwa macho. Mtu alimwona jirani, akaenda kununua waya.

Nimelipa umuhimu jambo hili kwa sababu ya zile saa. Mwanamke aliyepunguziwa siku mbili za kulinda samaki mchangani amepewa siku mbili za maisha yake. Watu wengi wakizungumzia wazazi wanaofanya kazi, hasa akina mama, huzungumzia moyo na uvumilivu. Waya wa kichanja umewafaa akina mama wa mwambao kuliko sifa nyingi za uvumilivu wao.

Mama mdogo wangu ni mmoja wa wanaoanika. Yeye ni Mwislamu. Dada yake, ambaye ni mama yangu, aliolewa kwa Wakatoliki, na kwa Rumonge hilo ni jambo la kawaida. Nikifika kwake Desemba hanikaribishi kwenye kiti.

“Karibu mwanangu, nawa mikono uje,” ananiambia, na kabla sijamaliza kuuliza habari za nyumbani niko kwenye kichanja natandaza.

Ndagala mbichi ni mwembamba kuliko kidole cha mtoto, anang'aa kama fedha, na ukimshika vibaya tumbo linapasuka. Unachukua konzi, unarusha kwa mkono uliolegea ili waanguke mbalimbali, kisha unapitisha vidole kuwatenganisha waliopandana. Waliopandana hawakauki, huoza katikati na kuwaharibu wenzao. Magamba hubaki kwenye vifundo vya mikono hata baada ya kunawa. Jua likikaza, unaanza kuwageuza, safu kwa safu, na macho yako juu angani, kwa sababu ni Desemba. Wingu jeusi likijitokeza, mtu mmoja anapiga kelele na wote wanakimbilia maturubai, hata mgeni, hata mzee, hata mtoto wa jirani aliyekuja kucheza. Ndagala aliyelowa akiwa nusu mkavu ni hasara ya usiku mzima wa mume na asubuhi nzima ya mke.

Penye kichanja hicho ndipo matokeo ya shule yanaposomwa. Mama mdogo mikono yake ina samaki, hawezi kushika karatasi, kwa hiyo binti yake mdogo huishika juu, mbali na maji, na kusoma kwa sauti: hesabu, Kirundi, Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza. Kila alama mama anajibu alhamdulillahi. Nzuri, alhamdulillahi. Mbaya, alhamdulillahi pia, halafu anauliza taratibu somo hilo lina nini. Mkono hausimami. Mtoto anaeleza, dada yake anamkosoa, majirani wanaingilia, na kufikia mwisho wa safu ya mwisho ya samaki watoto wawili wamesikilizwa na mama yao kuliko watoto wangu wanavyosikilizwa nami jioni nyingi, nikiwa nimekaa nao sebuleni na simu mkononi.

Sisemi watoto waache shule waende kuanika. Mtoto anayekatiza masomo kwa ajili ya samaki ameibiwa, na mwambao huu una watoto wa aina hiyo. Lazima tuliseme hilo bila kupepesa macho. Wala sitaki kuupamba umaskini. Uchovu wa mwanamke anayeamka saa kumi usiku ni uchovu, hauna uzuri wowote. Ninalosema ni kwamba mama huyu hakuitenganisha kazi na watoto kwa ukuta, akangoja ukuta uanguke tarehe 25 ndipo awe mzazi. Watoto wake wanajua pesa ya viatu imetoka wapi. Wameiona, wameigeuza kwa mikono yao. Wanapovaa viatu hivyo wanajua wamshukuru nani, na hakuna aliyewahutubia.

Watoto wetu wa mjini wengi hawajui tunafanya nini. Wanajua tu kwamba tunaondoka, tunarudi tumenuna, na mwisho wa mwaka tunaleta zawadi. Tunawadai shukrani kwa jambo ambalo hatujawaonyesha.

Kuhusu Waislamu wa mwambao, kuna jambo nimelifikiria kwa miaka na sijaliona likiandikwa. Noeli hutangatanga juu ya mwezi: mwaka huu inaangukia mwanga, mwaka mwingine giza. Idi el-Fitri haitangatangi. Huja na mwezi mwandamo, kila mwaka, siku zote, maana yake daima huja katika siku za giza, zile zile ambazo uvuvi wa taa umepamba moto. Mvuvi Mwislamu wa Rumonge hana mwaka wa bahati. Kila Idi huchagua: abaki nyumbani akose mavuno ya siku bora za mwezi, au aswali Idi asubuhi, ale na watoto mchana, na jioni aingie ziwani. Idi ya kuchinja, inayoangukia tarehe kumi ya mwezi, humkuta akikaribia mapumziko. Maulidi, tarehe kumi na mbili ya Mfungo Sita, humkuta mwezi umekaribia kupevuka, na hapo ndipo akina baba wanapoweza kukaa msikitini usiku bila kuwaza wavu.

Kwa mama mdogo wangu, kwa hiyo, Idi huliwa mara mbili. Ya kwanza ni siku yenyewe, kwa haraka, baba akiwa na usingizi machoni. Ya pili huja siku kumi na kitu baadaye, mwezi ukiwa mnene, mume akiwa nchi kavu. Hupikwa wali, hupikwa mukeke wa kukaanga kwa mawese, majirani Wakristo huletewa sahani kama walivyoletewa mara ya kwanza. Watoto wanaiita Idi ya baba. Nilipokuwa mdogo niliona ni ajabu. Sasa naona ni busara ambayo kila muuguzi wa zamu, kila askari wa doria, kila dereva wa basi la Bujumbura, kila mlinzi wa usiku anaihitaji. Anayelazwa hospitali ya Rumonge usiku wa Noeli atamkuta muuguzi, na muuguzi huyo ana watoto. Sikukuu yake ihamie siku atakayokuwepo, na watoto waambiwe mapema kwamba hiyo ndiyo sikukuu, kwa jina lake, wasije wakaiona kama makombo.

Historia ya nchi hii inaunga mkono shukrani hii ya mikono ikiwa kazini. Kabla Noeli haijafika Burundi, Desemba ilikwisha kuwa na sherehe: Umuganuro, sherehe kuu ya ufalme, ambapo mwami alibariki upandaji wa mtama na ngoma zikapigwa, ngoma zile ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Wakoloni na wamisionari walipoibana, ikafa mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini tafakari ilikuwa ni sherehe ya nini: ya kupanda. Hakuna suke lililokuwa limevunwa. Warundi wa kale walishangilia mbegu ikiwa mkononi na kazi yote ikiwa bado mbele. Anayesema atashukuru kazi ikishaisha angeonekana mtu wa ajabu mbele yao.

Na Noeli yenyewe ilifika nchini kwa njia ya mwambao huu. Wamisionari wa Shirika la Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879. Mei 4, 1881, wawili kati yao na msaidizi wao mmoja wakauawa hapo, na misheni ikafungwa. Mwanzo wa Ukristo wa Burundi uko kwenye mchanga huu, ulianza kwa damu, na leo watu wa kanisa na watu wa msikiti wanabadilishana sahani juu ya mchanga huohuo.

Damu haikuishia hapo. Aprili 29, 1972, machafuko yalianza huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji ya kulipiza nchi nzima, na watu wengi wakavuka kwenda Tanzania. Wapo wazee mwambaoni leo ambao Noeli za utoto wao, au za watoto wao, ziliadhimishwa ukimbizini, na waliporudi walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine. Kesi za ardhi zilichukua miaka. Kisha ziwa likapanda. Katika miaka ya karibuni, kuanzia Gatumba kaskazini na kushuka mwambao, maji yaliingia kwenye nyumba na watu wakahama wakiwa na magodoro vichwani. Mwaka 2025 vita ya Kivu Kusini ilileta makumi ya maelfu ya Wakongomani upande wetu, wazazi wakiwa na watoto na mizigo ya haraka. Ninayataja haya kwa ufupi kwa sababu msomaji wa Burundi anayajua. Ninayataja pia kwa sababu mtu akiniambia watu wa Rumonge wanashukuru kwa kuwa hawajui shida, sitamwelewa.

Kuna taasisi moja ndogo ambayo imefanya Desemba iwe nyepesi kwa wazazi wengi kuliko hotuba yoyote: vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama, wengi wao wanawake, wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa kwa kadiri ya uwezo, pesa inakaa kwenye kisanduku chenye kufuli zaidi ya moja na funguo ziko kwa watu tofauti. Anayetaka mtaji wa kununua samaki anakopa hapo na kurudisha na faida kidogo. Mzunguko ukiisha, pesa yote inagawanywa. Vikundi vingi hupanga mgawo uangukie mwisho wa mwaka, na hilo linafanywa kwa makusudi kabisa: viatu, madaftari ya muhula wa pili, bati la kuziba paa linalovuja, kilo ya nyama.

Nimewahi kuketi nyuma kwenye mgawo wa namna hiyo, chini ya mwembe. Kila mwanamke anaitwa, hisa zake zinahesabiwa mbele ya wote, pesa inawekwa mkononi. Kabla ya kuondoka anageuka na kuwashukuru wenzake, kwa jambo moja mahsusi: wewe ulinikopesha nilipofiwa, wewe ulinilindia kichanja nilipojifungua. Hakuna aliyeshukuru kwa jumla. Nilirudi Bujumbura nikajaribu kufanya hivyo nyumbani, kumtajia kila mmoja jambo moja alilonifanyia mwaka ule. Mfanyakazi wetu wa ndani, ambaye ndiye anayeniwezesha kwenda kazini kila asubuhi, nilimtajia matatu, na yangeweza kuwa thelathini. Yeye pia ana watoto, na wakati wa Noeli watoto wake wako mbali naye ili wangu wasikae peke yao. Mzazi anayefanya kazi mjini anasimama juu ya mzazi mwingine anayefanya kazi, na Desemba ndipo hilo linapoonekana wazi zaidi. Shukrani isiyomfikia mtu huyo kwa pesa na kwa siku za likizo ni maneno matupu.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayaandika sasa kabla Desemba haijatubana.

Waajiri wa Bujumbura, Rumonge na kwingineko: mshahara wa Desemba ulipwe kabla ya tarehe 20, ili mzazi anunue vitu kabla bei haijapanda na kabla ya usiku wa foleni. Mfanyakazi wa ndani mpeni siku zake za kwenda kwao, na nauli juu, na mzipange naye yeye mwenyewe. Wenye mitumbwi: fanyeni hesabu na vijana wenu kabla ya sikukuu, kila mtu apate fungu lake lote, na mwaka mpya usianze bila jaketi la kuokolea maisha kwa kila anayepanda chombo, mvua za Januari hazitanii. Wanunuzi wa ndagala mnaoshuka na magari kutoka Bujumbura wiki ya Noeli: bei anayoitaja mwanamke penye kichanja ina usiku wa mtu na asubuhi ya mtu ndani yake, mlipeni bila kumkamua.

Na wewe mzazi mwenzangu, chukua kalenda leo. Kama kazi yako inakubali tarehe 25, vizuri. Kama haikubali, chagua siku nyingine, hata ikiwa Januari, uwaambie watoto mapema kwamba siku hiyo ni yao, na uizime simu kutwa nzima.